Waipa za Shangazi

Jumatatu, 4 Machi

Nimekuwa babu. Binti amejifungua alfajiri, mtoto wa kike, kilo tatu na kitu, nywele tele. Amepiga simu mwenyewe, sauti imemkauka lakini anacheka. Nimempa hongera mara nne nzima kama kasuku. Nilipokata simu nikageuka nimwambie mke wangu, Mama — mdomo umeshafunguka, nimeshaelekea jikoni — ndipo nikakumbuka. Miezi mitano na bado nageuka.

Naye bila shaka aliambiwa kabla yangu, huko kwa dada yake alikohamia. Lazima amelia. Mambo ya furaha humliza. Mambo ya huzuni hunyamaza nayo.

Duka nimelifungua, nikakaa. Cherehani sita mezani, kila moja na lebo yake shingoni: jina la mteja, ugonjwa wa mashine, siku ya kuchukua. Miaka thelathini natengeneza cherehani za watu na sijawahi kuvusha siku niliyoiandika kwenye lebo. Mafundi nguo wananijua kwa hilo. Leo nimekaza skrubu moja tu, na hiyo moja nimeikaza mara mbili.

Babu. Sina wa kumwambia.


Jumatano, 6 Machi

Binti kapiga tena. Anauliza kama kile kitanda chake cha utotoni bado kipo, kile cha mbao chenye fito. Kipo juu ya kabati, kimekula vumbi. Anataka mwanawe alale humo. Anataka pia mama yake aende akakae naye mwezi mzima. Halafu sauti ikawa ya chini, ile ya kuombea ruhusa tangu yuko shule. Kitanda hakiingii kwenye basi, Baba. Si umlete Mama na Shangazi, mje wote watatu?

Shangazi ni kombi yetu. Ina kitanda nyuma, jiko la gesi la mioto miwili, kabati na sinki dogo. Ni kongwe kuliko binti. Yeye na kaka yake waliipa hilo jina wangali wadogo kwa sababu asubuhi inakohoa, ndani inanuka dawa ya nondo, na haiambiliki. Kila likizo tulilala humo wanne, miguu ya huyu kwenye pua ya yule.

Nikamwambia mama yako hatakubali. Akasema ameshamuuliza. Nikakaa chini.

Mama anasema atapanda Shangazi Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu, kama waipa zitakuwa zinafanya kazi. Kama hazifanyi, atapanda basi. Na anasema — Baba usikasirike — anasema kamba havuti tena.

Sikukasirika. Nilisema sawa, waambie zitafanya kazi. Nikajisikia nimesema "waambie" kana kwamba ni umati.

Kamba. Mota ya waipa ilikufa miaka kumi na moja iliyopita. Nikaichomoa ule mkono wake ili waipa zitembee huru, nikafunga kamba kwenye waipa zote mbili, nikaipitisha ndani kwenye vidirisha vya pembeni, dirisha hili hadi lile, juu ya mapaja yetu. Mvua ikinyesha mimi naendesha, yeye anavuta. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Ilikuwa ya muda tu. Wiki moja, nilisema.

Safari ni ya saa sita. Saa sita bega kwa bega! Tangu Oktoba sijapata hata dakika sita.


Jumamosi, 9 Machi

Nimemvua Shangazi turubai. Kuna panya alihamia kwenye sponji ya kiti changu. Cha Mama hakukigusa, hata panya anajua.

Vipimo vya leo: fyuzi nzima. Swichi inalia tik. Taa ya kupimia inawaka kwenye waya, kwa hiyo umeme unafika. Mota haijibu lolote. Nimeifungua, ndani ni kutu na majivu. Imekufa kifo cha kweli, hakuna cha kufufua. Vyuma vinavyobeba waipa vinacheza bado, ila vimekauka. Nimevipa grisi.

Mlango wa upande wa Mama nao haufunguki kutoka nje, lazima aliye ndani ajinyooshe amfungulie. Alikuwa anagonga kioo kwa pete yake, ko ko ko. Nitaurekebisha. Waipa kwanza.

Jambo jingine. Nilipokuwa nafungua kamba niliona mpira wa vidirisha umechimbika. Upande wangu kamstari kembamba. Upande wake mfereji, kidole kinaingia. Na kwenye kamba yenyewe, pale mkono wake ulipokuwa unashika, pamezungushwa kitambaa cha bluu na kushonwa, mishono midogo midogo, safi. Kipande cha lile gauni lake la zamani. Ni cha kuzuia kamba isimkate kiganja.

Sijui alikishona lini. Mimi nilikuwa nimekaa hapo, sentimita hamsini kutoka mkono wake. Sijui hata ni mwaka gani.


Jumatatu, 11 Machi

Nimezunguka maduka ya vipuri manne. La kwanza walicheka. La pili waliniuliza kama nina jumba la makumbusho. La tatu kijana wa mauzo aliingiza jina la gari kwenye kompyuta, kompyuta ikamkatalia. La nne lilikuwa limefungwa, wakakosa nafasi ya kunicheka.

Kwa muuza vyuma chakavu nimepata mota inayofanana. Amesema inafanya kazi kama saa. Nilimuuliza saa ipi, akasema saa yoyote.


Jumatano, 13 Machi

Imefanya kazi dakika tatu na nusu. Waipa zilipanda zikashuka, nikapiga kofi kwenye usukani, nikasema kwa sauti, umeona? Hakukuwa na mtu. Halafu moshi. Nimeng'oa waya kwa mkono, nimeungua vidole viwili.

Zimebaki siku kumi.

Binti anauliza kwa meseji inaendeleaje. Nimemjibu vizuri. Hili neno "vizuri" nimelitumia sana maishani mwangu.


Ijumaa, 15 Machi

Nimemeza kiburi, nimekwenda kwa Cheche.

Cheche ni fundi umeme wa magari, kibanda chake kiko nyuma ya kituo cha mabasi. Hatujasemezana vizuri miaka na miaka. Kosa lake lilikuwa kufungua boneti la Shangazi bila ruhusa, alitaka kunisaidia betri ilipolala. Nilimfukuza uani kama mwizi. Shangazi haguswi na mtu ila mimi, hiyo ndiyo ilikuwa sheria yangu, na nilikuwa najivuna nayo. Natengeneza mashine za mji mzima, nimpe mtu gari langu?

Hakuninunia. Kafuta mikono, kanipa stuli. Nikamweleza habari ya mota. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniangalia kwa mashaka.

"Mzee, si mota mlishanunua?"

Nani alinunua?

"Mama. Alikuja hapa. Nilimwagizia mpya kabisa, ikakaa wiki tatu njiani. Miaka minane, tisa hivi. Nikamwambia lete gari, ni kazi ya saa moja. Akakataa. Akasema mume wangu hapendi gari lake liguswe, ataifunga mwenyewe. Aliibeba kwenye kikapu."

Nikamwambia umechanganya wateja. Akasema wateja wa kiume huwachanganya, lakini huyo alimletea chupa ya chai kwa kumshukuru, na chupa yeye Cheche alisahau kuirudisha. Akaniletea. Ni chupa yetu, ile nyekundu yenye kifuniko kilichopasuka. Tuliitafuta nyumba nzima wakati ule. Nilimlaumu Mama kwa kuipoteza.

Nimerudi na chupa mkononi. Sijaenda kwa Shangazi. Naogopa.


Jumamosi, 16 Machi

Ipo.

Chini ya kitanda cha nyuma, ndani kabisa, nyuma ya mtungi wa gesi, chini ya mablanketi. Boksi halijafunguliwa, limefungwa kwa uzi wa kushonea. Na kwenye uzi imening'inia lebo. Lebo yangu, ya dukani. Alichana moja kwenye kitabu changu na kuijaza kwa mwandiko wake uliosimama wima:

Mteja: mke wako. Ugonjwa: waipa. Siku ya kuchukua: Ijumaa, 17 Aprili.

Nimekaa kwenye sakafu ya kombi nayo. Naandika hapa hapa, mgongo kwenye sinki.

Naijua hiyo Ijumaa. Kesho yake, Jumamosi, ndiyo tuliyosafiri kwenda kwa mama yake.

Mkwe alikuwa mgonjwa, lakini mgonjwa wa kusubirika, ndivyo tulivyodhani. Mama aliomba twende Jumamosi. Katikati ya wiki ile alikuja dukani, akasimama mlangoni. Nilikuwa na cherehani tano za kiwanda, zote siku yake ilikuwa Ijumaa. Akasema kuna kitu amekiweka chini ya kitanda cha Shangazi, nikipata nafasi nikione. Nikasema sawa. Sikunyanyua kichwa. Nakumbuka hata nilichokuwa nashika, bobini ya uzi. Cherehani tano zilitoka siku hiyo ya Ijumaa, tena kabla ya saa sita, na nilijisifu mezani kwa chakula. Yeye alinitazama. Nilidhani anafurahi nami.

Jumamosi mvua ilitukuta baada ya daraja. Mvua ile. Alivuta kamba kwa saa tatu. Kushoto, kulia. Mara mbili tulisimama kando kwa sababu mikono ilimfa ganzi, akaisugua, tukaendelea. Mara ya tatu tulisimama kwa sababu mimi sikuona barabara. Dakika arobaini tulikaa pale. Simu ya dada yake iliingia tukiwa tumesimama hapo hapo. Mkwe alikuwa ameshaondoka. Alikuwa anauliza binti yangu yuko wapi, wakamwambia yuko njiani, wakamwambia hivyo mpaka akakata roho.

Mama hakulia. Alishika kamba akasema, "Washa gari." Akavuta mpaka tulipofika.

Na mota ilikuwa hapa. Mita mbili nyuma ya mgongo wake, na yeye anajua, na anavuta. Hakusema. Kwa nini hakusema? Angenipigia kelele! Angenipiga na hiyo mota kichwani!

Hakusema kwa sababu alishasema. Aliiandika kwenye lebo, kwa lugha pekee aliyoona naisikia.

Mwezi wa kumi, siku aliyoondoka, nilimuuliza nimekosa nini. Alikuwa anakunja nguo. Alisema, "Nimechoka kungoja." Nikauliza kungoja nini. Akacheka kidogo, kicheko kibaya, akafunga zipu. Miezi mitano nimekuwa nikiwaambia watu sijui mke wangu alikuwa anangoja nini. Nimewaambia mpaka wateja.


Jumapili, 17 Machi

Sijala. Sijafungua mlango wa mbele. Roho inaniuma mpaka mbavuni, sikujua ni kitu cha kweli, nilidhani ni maneno tu ya watu.

Nimechukua simu kumpigia mara sita. Mara ya sita ikaita. Nikakata.


Jumanne, 19 Machi

Nimeifunga mota.

Boliti tatu, plagi ya waya, halafu ule mkono wa chuma unaosukuma waipa. Nikawasha. Waipa zikaruka upande, ya kushoto ikapiga fremu ya kioo, ya kulia ikatoka nje kabisa ikawa inapangusa hewa. Nikazima. Nikafungua, nikafunga upya. Safari hii zikagongana zenyewe kwa zenyewe. Mara nne. Jasho, matusi. Mimi, fundi wa mji mzima, nashindwa na kazi ya saa moja.

Nikampigia Cheche nikamwambia njoo uguse gari langu. Akauliza kama ninaumwa.

Alikuja na mfuko mmoja wa spana. Akafungua boneti taratibu, akaniangalia kwanza. Nikaitikia kwa kichwa. Akaona kosa kabla hajavua kofia.

"Umefunga mkono mota ikiwa katikati ya safari. Chomoa mkono. Washa, halafu zima, iache izunguke yenyewe mpaka ipumzike mahali pake. Ikishapumzika ndipo unafunga. Wewe umeikamata popote ulipoikuta."

Tukafanya hivyo. Mota ikazunguka, ikajisimamia yenyewe, tik. Nikamwachia yeye akaze nati ya mwisho. Kitu kidogo hicho, nati moja, na nilitazama kando nisionekane uso.

Zimetembea! Zinapanda pamoja, zinashuka pamoja, zinalala chini kama watoto walioshiba. Cheche akasema, "Saa moja kasoro dakika tano. Nilimwambia Mama."

Akaniuliza Mama hajambo? Nikasema hajambo. Akakoroga chai kwa muda mrefu, kisha akasema mkewe yeye alipoondoka alirudi mara moja tu, kuchukua cherehani. Sikujua. Nilimtengenezea ile cherehani mimi.


Alhamisi, 21 Machi

Mvua leo, ya kwanza ya maana. Nikaacha duka wazi nikamtoa Shangazi. Nimeuzunguka mji mara mbili kama mtu aliyepotea. Waipa zinasafisha mpaka pembe za kioo, naona vibao vya maduka, naona nyuso za watu chini ya miavuli. Miaka kumi na moja sikuwahi kuona mvua vizuri namna hii.

Kiti cha pembeni kitupu. Kimya. Na kamba ile, tulikuwa tunaongea! Lazima uongee. Kushoto. Ngoja. Vuta. Umechoka? Bado. Badilisha mkono. Watoto walikuwa wanaimba nyuma kumpa kasi. Nimejaribu kusema "kushoto, kulia" peke yangu, nikanyamaza haraka kwa aibu.

Kamba nimeikunja, na kitambaa chake cha bluu, nimeiweka ndani ya boksi la mota pamoja na lebo. Kutupa nimeshindwa. Boksi nimelirudisha lilipokuwa.

Nimejiandalia maneno. Nitamwambia hivi: Nimeikuta. Nimesoma lebo. Mama yako alikufa akikuulizia, na kosa ni langu, na sijawahi kusema. Nisamehe. Basi. Sitaongeza kitu. Nimeyasema mbele ya cherehani ya mteja mara tatu. Mara ya tatu nimeyamaliza bila kukwama.


Ijumaa, 22 Machi

Siku ndefu. Kitanda cha mtoto nimekisugua na kukipaka vanishi, kinang'aa. Shangazi nimemwosha ndani na nje, nimembadilishia panya makazi. Sponji mpya, mashuka, maji, tairi la akiba lina upepo.

Ule mlango wa Mama nilikuwa nimepanga kuutengeneza saa nane. Saa nane kasoro akaingia fundi nguo wa sare za shule, lebo yake ni ya leo, na mashine ilikuwa inaruka mishono. Nimehangaika nayo mpaka jioni. Ameondoka nayo inashona kama mpya. Siku imetimia, sijavusha.

Mlango nitauangalia tukirudi.

Kesho saa mbili asubuhi kwa shemeji. Nimenyoosha shati.


Jumamosi, 23 Machi

Kituo cha mafuta, nusu ya njia. Mvua. Mama ameteremka, amesema anataka chai na kujinyoosha. Nimebaki kwenye usukani, naandika kwenye goti, haraka.

Asubuhi nilifika saa mbili kasoro robo. Shemeji alinipokea na uso wa ndimu. Shikamoo yangu hakuitikia, kikombe cha maji hakuna. Kisha akatoka Mama.

Amekonda. Amekata nywele fupi, zimejaa mvi, zimempendeza mpaka nikasahau salamu. Akasema, "Shikamoo hujaitikiwa na dada, umesimama kama nguzo." Utani! Mara moja, kama zamani. Nikasema watoto wa nyumba hii hawana adabu. Akakaribia kutabasamu.

Akaenda mlango wake, akashika kitasa. Akakiachia. Nikaingia mbio upande wangu, nikajinyoosha, nikamfungulia.

"Bado?"

Nikasema bado. Nikasema nilipanga jana. Akazungukia mlango wa nyuma, akausukuma, akaweka mfuko wake chini ya kitanda mwenyewe, ndipo alipozoea kuuweka. Mimi nilikuwa nimepanda juu ya paa nafunga upya kitanda cha mtoto. Alikaa huko nyuma kitambo kidogo. Nilidhani anakagua mashuka.

Saa nzima ya kwanza tuliongea habari za mjukuu. Analala vipi, ananyonya vipi, pua ya nani. Nilikuwa na furaha, naiandika ilivyo, nilikuwa na furaha. Halafu mawingu, kisha mvua, ile nzito. Nikageuza swichi.

Waipa zikaanza. Mama akazitazama. Mkono wake wa kulia ukanyanyuka wenyewe, ukaenda pale kamba ilipokuwa inapita, haukukuta kitu. Akaushusha mapajani, akaufunika na wa kushoto. Niliona. Barabara naiona, kila kitu nakiona, kioo kisafi.

Lile daraja tukalivuka. Mahali pale tuliposimama mwaka ule pana kibanda cha matunda sasa. Sote wawili tuligeuka kukitazama. Nilikuwa na maneno yangu mdomoni, yale ya cherehani, yamepangika, nimeshavuta pumzi.

Yeye akaanza. Macho mbele, sauti ya kawaida kabisa.

"Mota umeipata wapi?"

Nikasema kwa muuza vyuma chakavu.

Kwa nini? Kwa nini nilisema hivyo? Maneno yote niliyaandaa, hili sikuliandaa, na ndilo lililotoka. Nilishikwa na woga wa kitoto. Nilitaka awe mtu wa kuniambia umefanya vizuri. Walau hilo, walau mara moja, nimehangaika, nimezunguka, nimekuletea. Na kweli nilizunguka! Na kweli kwa muuza vyuma chakavu nilikwenda!

Akasema, "Ah." Akageukia dirisha.

Hapo ndipo alipoomba tusimame.

Sasa hivi nimekwenda nyuma kutafuta taulo nifute ukungu wa kioo. Nimefungua chini ya kitanda. Mfuko wake umeegemea boksi. Kifuniko cha boksi kimeinuliwa. Kamba ipo, kitambaa cha bluu kipo juu, kimekunjwa vizuri kuliko nilivyokikunja mimi.

Lebo haipo.

Nimetoa blanketi zote. Nimemulika kwa simu. Haipo. Ameichukua yeye, tangu asubuhi, mimi niko juu ya paa nafunga fundo. Kwa hiyo alijua. Saa nzima ile ya pua ya mjukuu alikuwa nayo. Alipouliza mota umeipata wapi alikuwa nayo mfukoni. Hakuwa anauliza. Alikuwa ananifungulia mlango, nami nikampita.

Namwona kupitia kioo cha mbele. Amesimama dirishani pa duka, anaongea na mwuzaji. Mwuzaji anamwonyesha kitu kwa kidole, upande wa barabara. Pale kuna kibao cha kituo cha basi.

Nitasema. Akiingia tu nitasema, kabla sijawasha gari. Nilidanganya. Niliikuta. Nilisoma. Ijumaa tarehe kumi na saba. Mama yako. Mikono yako. Nitasema vibaya, nitachanganya, basi na iwe.

Ametoka. Anakuja. Hana mwavuli. Ana kikombe kimoja, amekifunika kwa kiganja mvua isiingie. Sijui ni chake au ni changu. Waipa nimeziacha zinatembea, zinampangusa, anatokea, anafutika, anatokea.

Amefika mlangoni kwake.

Hagongi kioo. Amesimama tu kwenye mvua, ananitazama nikiandika.